Tupeane uzoefu: nchi ilipogeuka ghafla, imani yako ilisimama au iliyumba?

Daftari_la_Kwaresima:
Wakuu habari za usiku, Bwana asifiwe na Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa upande wetu. Leo nilikuwa natafuta chaja kwenye droo nikakutana na kale kadaftari kangu ka maombi ka 2021. Ukurasa wa tarehe 17 Machi umeandikwa "siku ya 9 ya kufunga, Bwana mwinue Rais wetu", halafu chini yake hakuna kitu kabisa mpaka mwezi wa tano.

Mnakumbuka ile hali. Rais Magufuli (JPM) hajaonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari, mtaani kila mtu ana lake, huyu anasema yuko Nairobi huyu anasema yuko India, wengine wanakamatwa kwa kusambaza uvumi. Sisi kwenye kikundi chetu cha maombi tukasema hatujui yuko wapi ila Mungu anajua, tufunge. Kwaresima ilikuwa imeshaanza kwahiyo kufunga halikuwa jambo geni, tukaongeza tu nia. Kila jioni saa 1 tunakutana sebuleni kwa mama mmoja mtu mzima anayetuongoza.

Ile Jumatano tulisali kuliko siku zote. Mwisho yule mama akasema anasikia amani moyoni, ushindi umepatikana, sasa tuache kuomba tuanze kushukuru. Tukashukuru kweli, tukaimba mpaka jirani akagonga ukuta. Nikarudi nyumbani nikala nikiwa mwepesi kabisa. Saa tano usiku mdogo wangu akaniita njoo uone TBC, namkuta Mama Samia, Makamu wa Rais kipindi hicho, anasoma tangazo. Amefariki saa 12 jioni, hospitali ya Mzena, Dar.

Saa 12 jioni jamani. Sisi tulianza saa 1. Ina maana tulikuwa tunashukuru kwa uponyaji wa mtu aliyekuwa ameshafariki saa nzima.

Kufa kwake sikukugombea, binadamu wote tunakufa. Kilichonichoma ni ile amani tuliyoisikia. Ilitoka wapi? Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nimesikia amani moyoni" nashtuka kidogo. Sijaacha kanisa, nipo, zaka natoa, ila kile kitu sijakimaliza.

Sasa naombeni uzoefu wenu. Sio lazima 2021, nchi yetu imegeuka mara nyingi. Naomba tusilete siasa.

Pilipili_Mbuzi:
Tusilete siasa halafu umeanza na JPM 😂 ngoja nivute kiti

Mama_Mapacha:
Daah huo usiku. Mwanangu wa darasa la nne aliniuliza mama sasa kesho kuna shule? Nikashindwa kumjibu, ningejuaje. Nikamwambia lala.

Mlokole_Mstaafu:
Mkuu pole. Mungu hujibu kwa namna tatu, ndiyo, hapana, na subiri. Nyie mlijibiwa hapana mkadhani ni ndiyo. Basi.

Pilipili_Mbuzi:
Mstaafu samahani kabla hatujaendelea, umestaafu kazi au umestaafu ulokole?

Mlokole_Mstaafu:
Kazi.

Mtumishi_wa_Zamu:
Tatizo lenu mlifunga bila kuwa na macho ya rohoni. Kuna watumishi walionyeshwa mapema kabisa. Angalia hata tarehe za vifo, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar, 17 Februari, Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, 17 Februari hiyo hiyo, na ilikuwa Jumatano ya Majivu, halafu mwezi mmoja kamili JPM 17 Machi tena Jumatano. Hizo sio ajali, taifa lilikuwa linasemeshwa.

Mzee_Kipaimara:
Walionyeshwa mapema mbona wote walitangaza kuanzia tarehe 18?

Mtumishi_wa_Zamu:
Dhihaka haijengi.

Mzee_Kipaimara:
Sidhihaki, nauliza tarehe. Wewe si ndio umeleta tarehe.

Binti_Cherehani:
Jamani acheni ugomvi, mimi huu uzi umenikumbusha hadithi ya nyumbani, sikuwepo mimi ila nimeisikia mara mia maana marehemu mama hakuacha kuisimulia. Mwaka 1983 ile operesheni ya wahujumu uchumi. Waliozaliwa juzi hamjui, kipindi hicho sukari ya foleni, sabuni ya foleni, dawa ya meno ukiipata unaisimulia, halafu serikali ikasema shida ni walanguzi wanaoficha bidhaa, basi msako nchi nzima, watu wanatupa mali usiku, wengine baharini, wengine porini.

Baba alikuwa na kiduka Korogwe na alikuwa mzee wa kanisa, Anglikana. Ndani uvunguni kulikuwa na katoni 11 za sabuni za kufulia na doti kadhaa za khanga. Hakuwa mlanguzi mkubwa ila na yeye hakuwa malaika, alikuwa anasubiri bei ipande kidogo. Jumamosi usiku habari zikafika kwamba kesho au keshokutwa wanapita mtaa wetu. Mama akasema tubebe twende tukatupe mtoni, Mto Pangani si uko pale. Baba akasema kwanza tuombe. Akapiga magoti.

Mama anasema aliomba mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta. Mama yuko mlangoni na katoni kichwani anasubiri amina, amina haiji. Ikaja kuja jogoo wameshawika watu wameanza kupita njiani, mtoni hakwendeki tena. Basi baba akainuka akavaa akaenda ibadani kama kawaida, baada ya ibada akawaita wamama pembeni akawauzia sabuni yote kwa bei ya serikali, ile iliyokuwa imepangwa, khanga pia. Saa 7 mchana uvungu mweupe. Mgambo walipokuja Jumatatu wakakuta rafu tupu na daftari la mauzo limeandikwa vizuri kabisa mpaka wakamsifia.

Sasa ugomvi wao wa ndoa wa miaka 30 ulikuwa huu, baba anasema Mungu alinichelewesha makusudi nisitupe riziki za watu. Mama anasema Mungu hakukuchelewesha, uliogopa kutoka nje.

Mama_Mapacha:
😂😂 Mama yuko mlangoni na katoni kichwani anasubiri amina

Kiinua_Mgongo:
Mama yako alikuwa mtu wa maana sana.

Mzee_Kipaimara:
Hii ndio imani ninayoielewa mimi. Haina maono haina tarehe.

Jirani_Yenu:
Asalaam alaykum wapendwa, mimi Muislamu nimepita tu ila naomba niseme kitu, mkiona sio mahali pake mtaniambia. Mnaongelea tarehe 17, sisi tulikuwa na tarehe 19. Siku Mama Samia anaapishwa Ikulu na msahafu mkononi, mtaani kwetu kuna jirani yangu mama wa Kikristo tunaazimana chumvi, tunachotana maji, siku hiyo nilimsikia kwa masikio yangu anaongea na simu uani anasema "sasa sisi tumekwisha, tuombe sana". Sikumwambia kitu. Na sikatai kwamba sisi pia tuna watu wetu wanaosema hivyohivyo akikaa wa upande wenu. Ila huwa najiuliza hiyo imani ya kwamba Mungu yupo inakuwaje inaisha ndani ya siku mbili.

Daftari_la_Kwaresima:
Karibu sana ndugu, hapa ndio mahali pake. Na nikiri tu, kwenye kikundi chetu hayo maneno yalisemwa. Mimi nilikaa kimya. Sikuyasema ila nilikaa kimya.

Mtumishi_wa_Zamu:
Biblia iko wazi, Warumi 13, kila mamlaka imewekwa na Mungu. Hakuna cha kujadili.

Pilipili_Mbuzi:
Warumi 13 huwa inasomwa akikaa unayempenda. Akikaa usiyempenda mnahamia kitabu cha Danieli

Jirani_Yenu:
😄

Asiyejulikana_Sana:
Naandika kwa jina hili jipya mtajua kwanini. 2017, uhakiki wa vyeti. Mwezi wa nne Rais anakabidhiwa ripoti pale Dodoma, watumishi 9,932 vyeti vya kughushi. Mume wangu alikuwa kazini miaka 14, idara na halmashauri sitaji. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha kaka yake. Nilijua tangu tunachumbiana.

Kabla majina hayajatoka niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani mwangu, hata nikiwa leba sikuomba vile. Niliomba jina lisiwepo. Niliamka saa 9 usiku kila siku nikilia kimyakimya bafuni ili yeye asisikie. Jina lilikuwepo. Aliniletea ile karatasi ameikunja mara nne akaiweka mezani kama risiti ya umeme akaenda kulala, saa 10 jioni, na viatu.

Sasa swali la mwenye uzi, imani ilisimama au iliyumba. Mimi sijui hata kama ile ilikuwa imani.

Mlokole_Mstaafu:
Dada pole lakini tuambiane ukweli. Hiyo haikuwa imani, hiyo ni kumshirikisha Mungu kwenye kosa. Kuna kijana alikosa ajira miaka 14 kwasababu ya kile kiti. Na yeye mama yake alikuwa anaomba.

Asiyejulikana_Sana:
Ni kweli. Nimeshaliwaza hilo mara nyingi, huyo kijana na mama yake. Ila kuna mtu mwingine gani ningemwambia?

Mama_Mapacha:
Mstaafu ungeweza kuliweka taratibu hilo.

Mlokole_Mstaafu:
Nimeanza na pole.

Kiinua_Mgongo:
Dada mimi nakuelewa kwa upande wa karatasi mezani. Mimi 1994, shirika la umma, nimefanya miaka 17. Enzi za kubinafsisha na kupunguza wafanyakazi, wao wanaita ridandansi, unaitwa ofisini mnakuwa kumi kumi kama mnaenda kupima afya. Nikapewa barua na hesabu ya kiinua mgongo. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya, Jumapili iliyofuata nilitakiwa kusimama kusoma taarifa ya mfuko, nikasimama nikasoma, sauti haikutetemeka hata kidogo, watu wakasema yule ndugu ana imani. Imani gani, nilikuwa sijamwambia mke wangu bado! Nilikuwa natoka asubuhi na mkoba nakaa kituo cha reli mpaka saa 9. Wiki tatu.

Ushauri wangu kwa vijana: mshirikisheni Mungu, mshirikisheni na mke, na msiweke kiinua mgongo chote kwenye daladala moja.

Pilipili_Mbuzi:
Hiyo daladala ilikuaje?

Kiinua_Mgongo:
Usiniulize.

Mzee_Kipaimara:
Imani bila akiba imekufa, andikeni hiyo.

Kijana_wa_Ilala:
mm nmezaliwa 2001 sijui nyie wazee mnaongelea nn ila naenjoi

Mwana_wa_Mwinjilisti:
Nimesoma uzi huu tangu saa 2 usiku, nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Acha niandike moja kwa moja bila kurudi nyuma, makosa mtanisamehe.

Nilikuwa na miaka 9, vita vya Kagera na Amini wa Uganda. Nyumbani ni kaskazini ya Mto Kagera, ule upande ambao ukitoka Bukoba unavuka daraja la Kyaka kisha unaelekea Mutukula. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri wa mtaa, kanisa la bati lenye kengele ya rimu ya gari. Mwisho wa Oktoba 1978 tulikuwa tumeshazoea milio ya mbali, wakubwa wanasema ni mpakani huko, yataisha. Siku ile mizinga ilikuwa haisimami na ilikuwa inakuja. Watu wakaanza kupita barabarani na magodoro, na mbuzi, na sufuria za moto kabisa zimefunikwa na majani ya mgomba.

Tulikuwa baba, mama mjamzito, watoto wanne na bibi mzaa baba. Bibi akasema haendi. Hakulia wala hakugomba, alisema tu mimi nimezaliwa kwenye kibanja hiki, wanajeshi wanataka nini kwa kikongwe, nyie nendeni, wakipita mtarudi. Baba akapiga magoti mbele yake pale jikoni. Tulidhani anamwomba Mungu. Kumbe alikuwa anamwomba yeye. Alimwomba kwa Kihaya na kwa Kiswahili na kwa majina ya watoto wote. Bibi akamwekea mkono kichwani akambariki. Akasema Omukama, yaani Bwana, atakuwa na mimi, si ndiyo unatufundisha kila Jumapili?

Hilo ndilo neno. Baba hakuwa na jibu. Angesema nini, kwamba hatakuwa naye?

Tuliondoka usiku. Baiskeli moja, mdogo wangu wa mwisho kwenye kapu la mbele, mama anatembea. Kufika darajani ni msongamano wa watu na ng'ombe, hakuna anayeongea kwa sauti. Tulivuka. Upande wa pili baba akasimama, akageuza baiskeli kuangalia tulikotoka. Akamwambia mama nenda na watoto mimi narudi kumbeba kwa nguvu. Mama akamwambia ukirudi na mimi narudi na tumbo hili. Wakasimama hivyo. Sijui ni muda gani, kwa mtoto ilikuwa usiku mzima, pengine dakika kumi. Baba akageuza baiskeli tena tukaendelea kwenda kusini. Siku mbili tatu baadaye tukiwa kwa ndugu upande wa Muleba tukasikia daraja limelipuliwa. Na Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaongea redioni, ile hotuba mnayoijua wote, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu walipiga makofi pale uani kwa ndugu yetu. Baba alikuwa amekaa chini ya mti anaitengeneza baiskeli ambayo haikuwa na tatizo.

Tulirudi mwaka uliofuata, jeshi letu likiwa limeshavuka huko Uganda. Kanisa halina bati hata moja, zote zimebebwa. Nyumba hivyo hivyo. Ng'ombe hakuna, si kwetu tu, eneo zima. Bibi alikuwa amezikwa na mzee mmoja jirani aliyejificha kwenye migomba muda wote ule, alimzika nyuma ya nyumba bila jeneza, akaweka jiwe la kusagia juu ili fisi wasifukue. Huyo mzee alimwambia baba kitu pembeni, mimi sikusikia na baba hajawahi kukisema mpaka anakufa mwenyewe.

Kuna watu mnauliza imani ilisimama au iliyumba. Jumapili ya kwanza baba alihubiri kanisa halina paa, watu wamekaa juani. Alihubiri vizuri. Aliendelea kuhubiri miaka 26 mingine na alikuwa mhubiri mzuri, waulizeni watu wa huko. Ila nilikuja kugundua nikiwa mtu mzima, nikiwa na madaftari yake ya mahubiri yote, kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kuhubiri amri ya kumheshimu baba na mama. Hata mara moja. Zikifika zamu za amri kumi anampa mzee wa kanisa.

Nimemaliza.

Mama_Mapacha:
Yesu wangu.

Daftari_la_Kwaresima:
Kaka sina neno.

Binti_Cherehani:
Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, konda ananiuliza dada umeibiwa?

Kijana_wa_Ilala:
jiwe la kusagia 😭

Mjuaji_wa_Historia:
Hadithi nzuri ila tuweke rekodi sawa, daraja la Kyaka lililipuliwa na jeshi letu wenyewe ili adui asivuke. Hilo linajulikana.

Mgambo_Mstaafu:
Linajulikana na nani? Walililipua wao, majeshi ya Amini, mwanzoni mwa Novemba, ili sisi tusivuke kuwafuata. Wakashangilia kabisa kwamba sasa mpaka ni mto. Jeshi letu ikabidi liweke daraja la muda ili kuvuka. Mimi niliitwa mgambo mwaka huo, nilikuwa na miaka 22.

Mjuaji_wa_Historia:
Ulikuwepo Kyaka siku lilipolipuliwa?

Mgambo_Mstaafu:
Wewe ulikuwepo?

Mjuaji_wa_Historia:
Na huyu ndugu alikuwa na miaka 9 anakumbuka mpaka kapu la baiskeli? Nauliza tu kwa nia njema.

Mwana_wa_Mwinjilisti:
Kapu nalikumbuka kwasababu mimi ndiye niliyekuwa nalishika lisiyumbe mdogo wangu asidondoke. Mambo ya nani alilipua sikuyaandika mimi, nimesema limelipuliwa.

Mzee_Kipaimara:
Mjuaji ungekaa kimya leo ungepungukiwa nini?

Mgambo_Mstaafu:
Naongeza kitu kimoja tu. Tukiwa kambini kabla ya kwenda mbele alipita padri akaungamisha foleni ndefu, na shehe yupo upande wa pili na watu wake. Kuna kijana kutoka Tabora hakuwa na dini yoyote, akapanga foleni ya padri, ikawa ndefu, akahamia ya shehe. Tukamcheka. Akasema nataka ile itakayofika mapema. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na yule alikuwepo, alirudi mzima. Waliosimama foleni vizuri wengine hawakurudi. Sina maelezo.

Mtumishi_wa_Zamu:
Wapendwa nawaombea wote. Lakini kuna kitu cha kiroho kwenye vifo vilivyoachwa bila kufungwa, ndugu mwana wa mwinjilisti ni vizuri mkafanya maombi ya ukoo kufungua...

Pilipili_Mbuzi:
Mtumishi. Usiku huu hapana.

Mtumishi_wa_Zamu:
Sawa.

Bibi_wa_Ilula:
Wajukuu zangu mimi naandikiwa na mjukuu hapa pembeni, yangu ni fupi. Mwaka 1974 tulihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, sitaki kusema walikosea au walipatia, walisema tutapata shule na maji na shule kweli ilikuja. Kanisa letu la udongo lilibaki kule tulikotoka. Wanaume wakarudi kung'oa bati na mlango. Sisi wamama tukarudi kuchukua udongo. Tulichukua udongo wa pale mbele, mkononi hivi, kila mtu kidogo, tukaenda kuumwaga kwenye msingi mpya. Mchungaji alituuliza nani amewafundisha upagani huu. Hatukumjibu tukaendelea kumwaga.

Mama_Mapacha:
Bibi shikamoo. Nani alianza, ni wewe?

Bibi_wa_Ilula:
Marahaba. Ndiyo ni mimi.

Asiyejulikana_Sana:
Naomba nirudi kwa mwenye uzi. Wewe uliuliza ile amani ilitoka wapi. Mimi nadhani ilikuwa amani tu ya kukaa pamoja siku tisa na kulia pamoja. Haikuwa taarifa ya habari. Nyie mkaisoma kama taarifa ya habari.

Mlokole_Mstaafu:
Hapo dada umesema.

Daftari_la_Kwaresima:
Nimeisoma hii mara tatu. Sijui kama nakubali, kwasababu yule mama hakusema anasikia amani tu, alisema ushindi, na tulimwamini. Hatujawahi kukaa tukaliongea. Kikundi kilikufa chenyewe, watu wakaanza kuwa bize. Yeye bado anakaa pale pale, tukikutana sokoni tunasalimiana tunaulizana watoto.

Kiinua_Mgongo:
Nenda kwake kamuulize.

Mzee_Kipaimara:
Usiende. Mtu mzima yule, unaenda kumpa presha bure.

Binti_Cherehani:
Nenda lakini beba hata sukari.

Pilipili_Mbuzi:
Na sabuni

Kijana_wa_Ilala:
@Mwana_wa_Mwinjilisti mzee samahani naomba kuuliza, kaburi la bibi mlikuja kulijengea?

Mwana_wa_Mwinjilisti:
Tulijengea 2003. Saruji baba alinunua mwenyewe, mifuko minne, akailipia na usafiri. Siku ya kazi alikuja na sisi mpaka kwenye migomba ya kwanza akasema amesahau kofia nyumbani. Tukamsubiri, fundi akaanza kukasirika mchanganyiko unakauka. Tukajenga. Jiwe la kusagia alitaka lisitolewe kwahiyo limo ndani ya saruji, linaonekana kidogo upande wa kichwani.

Mama alipofika nyumbani alimkuta amevaa kofia, amekaa mlangoni.